Maji ya Kutasa

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Elsie alijua methali nyingi, lakini hiyo ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo tangu mwaka wa tisini na tatu, binti yake Shanice alipofariki.

Hudson, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa na pikapu pekee pale Kishushe. Malaria ilipompanda mtoto kichwani, Elsie alimsihi awapeleke hospitali Voi. Hudson alikuwa akipakia mbuzi wa mnada, akasema mbuzi hawangoji. Elsie akashika njia kwa miguu. Pikapu ikawapita ikiwatimulia vumbi, na Shanice akakata roho mgongoni mwa mamake kabla ya kufika barabara kubwa. Matangani Hudson alileta sukari. Msamaha hakuomba.

Miaka mitano baadaye Hudson akaanza kukonda, huku tumbo likimvimba upande wa kushoto. Elsie aliposikia anapelekwa kwa daktari Voi, alijifunga leso akafuatana naye. Watu wakamsifu, ati damu nzito kuliko maji. Damu gani! Alikwenda kusikia kwa masikio yake mwenyewe.

"Ni saratani ya damu, ile ya polepole," daktari alieleza. "Ndani ya chembe za damu mna amri ya kuzaana. Kwa kawaida amri hiyo huwaka, na kazi ikiisha huzima. Yako imekwama, haizimiki. Chembe nyeupe zinazaana tu, na ndiyo maana wengu umevimba hivyo."

"Nitaishi muda gani?" Hudson aliuliza.

"Dawa zitazipunguza chembe, lakini cha kuizima amri yenyewe hatuna. Unaweza kukaa miaka mitatu, minne, hata zaidi. Halafu ugonjwa hugeuka ukawa mkali, na hapo huwa ni miezi."

Elsie alifurahi. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: alifurahi hata akaogopa uso wake usimsaliti. Amri isiyozimika aliijua vizuri, maana alikuwa nayo kifuani.

Kalondu, mke wa Hudson, hakuridhika na vidonge. Wazee walikuwa wamemwambia kwamba kwa Wadawida, kabila la mumewe, mgonjwa hapati nafuu ndugu yake akimwekea kinyongo. Sharti mwenye hasira atase: ajaze maji kinywani, ayapulize chini, na kutamka kwamba moyo wake umepoa. Jumapili jamaa wakakusanyika, Elsie akaitwa.

"Wifi, nakupigia magoti," Kalondu alisema. "Tasa, mume wangu apone."

Hudson alikuwa ameketi uani, mkono juu ya wengu. "Dada, nilikukosea. Wale mbuzi nawaona mpaka leo."

Ndiyo maneno Elsie aliyoyangoja miaka yote hiyo, na yalimuuma zaidi, kwa kuwa yaliletwa na hofu ya kufa. Akapokea kibuyu, akajaza kinywa. Akamtazama ndugu yake machoni, kisha akayameza maji yote.

Kalondu akapiga ukemi.

"Daktari amekupa miaka," Elsie alisema. "Iishi yote ukijua sijatasa."

Hudson akainamisha kichwa. Alipomwona dadake anaondoka, akasema kwa sauti ndogo, "Jua ni kali, dada. Ngoja pikapu ikupeleke."

"Njia naijua," Elsie alijibu akikaza leso yake. "Niliitembea nimembeba mtoto."