Themanini kwa Mmoja

Niliota usiku wa jana kwamba nimeitwa kwenye kituo cha kupoza umeme, kama mzazi anavyoitwa shuleni mtoto wake akikorofisha. Aliyekorofisha ni mume wangu. Hakuna aliyeniambia amefanya nini, ila nilivaa gauni langu la vikao, nikaenda.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na jina la kituo hicho sijawahi kulikubali. Umeme haupoi. Unakuja kutoka mbali ukiwa na msukumo mkubwa, transfoma inaupunguza msukumo, basi. Aliyesema "kupoza" alikuwa anafikiria chai. Mume wangu, Ambakisye, ni fundi wa mita wa shirika la umeme, na nikilalamika hunijibu, "Mama Lusajo, jina ni jina tu." Hilo ni jibu lake refu kwa wiki nzima. Siku nyingine zote ni "salama" na "sawa."

Nafika getini, nakuta akina mama wamekaa kwenye vigoda wanapoza umeme. Wanaumimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, wanaupuliza, wanauonja kwa ncha ya ulimi. Umeme una rangi ya mafuta ya alizeti na unalalamika kila ukimiminwa.

"Karibu, mwalimu," anasema mmoja wao bila kuinua uso. "Huu wa hospitali bado wa moto. Wa shule yenu tunaupoza mpaka unasinzia."

Hapo nikaelewa kwa nini taa za maabara yetu huwaka hafifu. Nikamwambia hata hivyo kwamba kisayansi umeme haupozwi. Alinitazama vile watu wanavyowatazama walimu, akaendelea kupuliza.

Uani kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna duara kubwa la chuma lililozungushiwa nyaya, limevaa koti la kaure. Katikati ya duara wanapita watu. Ni wengi, wamebanana, kila mmoja ana ubao begani, wote wanaelekea kiwanda cha mbao. Ubavuni mwa duara kuna midomo miwili ya shaba, na kutoka hapo, mara moja moja, anatoka mtu mdogo wa kimo cha kiberiti, naye ana ubao begani, anatembea vilevile wanavyotembea wale wakubwa.

"Shikamoo, shemeji," linasema duara. "Mimi ni transfoma ya mkondo. Nafanya kazi na kaka."

"Marahaba. Kaka yako amefanya nini?"

"Bado. Atafanya asubuhi."

Nilimwona Ambakisye amesimama pembeni na bisibisi mkononi, ametulia kabisa. Huo utulivu wake watu huusifia sana msibani na kanisani. Hawaishi nao.

"Unawahesabu vipi wote hawa?" nikaiuliza transfoma, maana sikutaka kuonyesha wasiwasi mbele ya kitu cha chuma.

"Siwahesabu. Siwagusi wala hawanigusi, wanapita tu. Kila wakipita themanini, natoa mmoja anayefanana nao, namtuma kwa mita. Mita ni mtu mdogo, shemeji. Wote wale wakimwendea wangemkanyaga."

"Na mita anajuaje kuwa walikuwa themanini?"

"Anazidisha. Kila anachoambiwa anazidisha kwa themanini. Asipozidisha ni mjinga tu mwenye kioo usoni."

Juu yetu mtu anakohoa. Ni transfoma nyingine, ndefu, imekaa juu ya nguzo imekunja miguu. Haikusalimia.

"Kuhesabu wapitaji ni kazi ya konda," inasema. "Mimi ni transfoma ya volteji. Napima msukumo wao. Wachache wenye hasira ni habari kubwa kuliko umati unaozurura."

"Umesoma wapi?" nikaiuliza.

"Sikusoma. Niko juu." Kisha ikanyoosha mikono yake miwili mbali mbali, kama mtu aliyepakwa hina. "Nina sharti moja. Mikono yangu isikutanishwe. Ikikutana, naungua."

"Na mimi nina langu," inasema ile ya mkondo. "Midomo yangu isiachwe wazi."

Nimeishi na mawifi wa namna hii. Mmoja hataki kuguswa, mwingine hataki kuachwa, na ukichanganya masharti yao, wa kulaumiwa ni wewe. Nikawaambia masharti yao nayafundisha kidato cha tano na wanafunzi huyasahau kabla kengele haijagonga.

"Kwa nini isiachwe wazi?" nikauliza lakini, kwa sababu mwalimu huuliza hata anachokijua.

"Watu wakiwa wanapita, mimi lazima nitoe," inasema transfoma. "Siwezi kuzuia. Yule mdogo anahitaji pa kwenda, na kwa kawaida anakwenda kwa mita. Fundi akija kubadilisha mita, kwanza anaibana midomo yangu kwa kipande cha shaba, ndipo anafungua nyaya. Hapo wadogo wananizunguka mwenyewe ndani kwa ndani. Niko salama, ila hakuna anayejua kinachonipita. Lakini akifungua nyaya kabla ya kunibana, wadogo wanajazana mlangoni, wanasukumana, msukumo unapanda, unapanda."

"Mpaka?"

"Mpaka unamruka aliyesimama mbele yangu."

Aliyesimama mbele yake ni mume wangu. Ameinua bisibisi.

"Baba Lusajo," nikamwambia, "waambie kiwandani wazime mashine kwanza."

"Hazizimwi," akasema.

Nikageuka kumtafuta anayekataza, na tayari tuko kwenye ofisi ya mkuu wa shule. Kwenye kiti cha mkuu umekaa msumeno wa duara wenye tai shingoni, ingawa shingo hauna. Ni mwenye kiwanda cha mbao. Unazunguka polepole ukiwa umekaa, na kila ukizunguka unakata kidogo ukingo wa meza, haujali.

"Kiwanda hakizimwi," unasema. "Mbao zangu hazina subira."

"Mbao zinakwenda wapi kwa haraka hiyo?"

"Zinakwenda kuwa vitanda."

"Vitanda vya kulalia?"

"Mama, mimi ni mwekezaji. Nibadilishieni mita huku mashine zinakwenda. Fundi wenu si fundi?"

Nilifikiri neno la kumjibu mtu anayemharakisha mwenzake ili watu wengine walale, sikulipata la heshima, nikasema lile jingine. Msumeno haukukasirika. Ulisema bosi wa Ambakisye amekubali, na Ambakisye mwenyewe alipoulizwa alisema sawa.

"Alisema sawa?"

"Sawa. Neno moja."

Transfoma ya mkondo, ambayo sasa imetundikwa ukutani pale panapokaa saa, inaniita kwa sauti ya chini.

"Shemeji. Jana jioni kaka alikwambia nini?"

"Alisema kesho ana kazi ndogo."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia apitie mkaa akirudi."

"Zidisha," inasema transfoma.

Sikutaka kuzidisha. Hesabu ile niliiona kabisa ilipokuwa inaelekea, na nilikuwa nimechoka, hata ndotoni nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Lakini transfoma ilinitazama kwa midomo yake miwili, nikazidisha.

Mlango wa ofisi ukafunguka, wakaanza kuingia akina Ambakisye. Wa kwanza ana kofia ya kazini, wa pili ana kandambili, wa tatu ana ile suti ya harusi yetu ambayo siku hizi haifungi. Wanajipanga ukutani mpaka ofisi inajaa, wengine wanabaki barazani wakichungulia dirishani. Kila mmoja ana jambo moja la kusema na analisema kwa sauti ileile ya kusema salama.

"Lile boksi la kubania midomo limeota kutu."

"Skrubu ya kati, ya kukazia kile kipande cha shaba, imeliwa meno. Haikazi."

"Nilimwambia bosi. Akaniuliza kama nimezeeka."

"Nilitaka kukwambia juzi, ukawa unasahihisha."

"Mkono wa kulia unatetemeka tangu Jumatatu."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa," anasema wa kandambili.

"Lusajo hajui kuendesha baiskeli bado," anasema mmoja wa dirishani, na sikuona lilihusiana vipi na mita.

Nilisimama katikati yao na gauni langu la vikao nikiwa na hasira ya kulia. Mwanamume mzima anaigawa hofu yake kwa themanini ndipo analeta nyumbani kipande kimoja, anakiweka mezani karibu na chumvi, na mimi nakipokea hivyohivyo kilivyo. Niliwaambia wote kwamba wao ni wapumbavu. Wakasema sawa, kwa pamoja, na vioo vya madirisha vikatikisika.

"Mita," inasema transfoma ya volteji kutoka juu ya kabati, kwa dharau, "amezidisha hatimaye."

Hapo tuko uani tena. Watu wenye mbao wanapita mbio, wamekuwa wengi kuliko mwanzo, na Ambakisye mmoja, yule wa kweli, ameweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kati. Anaizungusha, haikazi. Nyaya za mita zinaachia. Midomo ya transfoma inaanza kufunguka, na ndani naona wadogo wamejazana mpaka kooni, mbao zao zinagongana, wanasukumana, na mwanga wa buluu unatambaa kwenye kaure.

"Shemeji," inasema transfoma. "Nibane."

Sikuwa na kipande cha shaba. Nikaikamata midomo yake miwili kwa vidole vyangu, nikaibana pamoja kwa nguvu zangu zote.

Nikaamka. Kumekucha. Nimeishika midomo ya mume wangu kwa vidole viwili, nimeibana barabara.

"Mama Lusajo," akasema kwa taabu, "unanibana mdomo."

Nikamwachia. Hakuuliza zaidi, kama kawaida yake. Akaoga, akavaa, akanywa uji amesimama. Nilimtazama nikiwa nimekaa kitandani, nikijiambia kwamba mtu mwenye digrii hafuati maneno ya duara la chuma.

"Natoka," akasema. "Nina kazi ndogo."

"Skrubu ya kati ikoje?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshika kitasa. Akakiachia taratibu. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu, akakiweka mezani karibu na kikombe cha uji. Ni skrubu ndogo ya shaba, meno yake yameliwa yote, laini kabisa.

"Niliichomoa jana nikamwonyeshe bosi," akasema. "Sikumwonyesha mtu yeyote. Nani kakwambia?"

"Mpigie bosi wako. Leo wazime, au wasubiri boksi jipya."

"Atasema nimeogopa."

"Umeogopa?"

Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo asubuhi halifanyi, akabonyeza simu na kuiweka sikioni. Nilisikia upande wa pili mtu anaongea kwa kelele, na nyuma yake mashine za mbao zikiwa zimeshaanza.

"Bosi, shikamoo," akasema. "Ile mita siigusi mpaka wazime." Akasikiliza. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake wa kulia.

"Ndiyo, bosi," akasema. "Naogopa."