Mbelewele za Hinda

Mfugaji hata umpokonye mifugo yote, macho yake hubaki malishoni. Sugow alikuja Garissa kutoka Hadado baada ya ukame kumfagilia zizi, akabakiwa na mbuzi jike mmoja tu. Akapata kipande cha shamba kando ya Mto Tana, akapanda mahindi meupe ya ugali. Jirani yake Hinda, mjane mwenye ulimi mwepesi na mkono wa kutoa, alipanda mahindi ya bisi. Yalikuwa ya arusi ya binti yake, Kaaha. Wakwe hupokelewa kwa kahawa na salool, ndizo bisi hizo, na Hinda alikwisha kuwatangazia wanawake wote wa mtaa wa Iftin kwamba safari hii hanunui hata punje moja dukani.

Kisha dada yake akaugua huko Sangailu, ikambidi aende kumuuguza.

"Walaal Sugow, ndugu yangu," alimwambia, "nifungulie maji ya mfereji tu. Shamba ni amana kwako."

Sugow akaweka mkono kifuani. Kwao Hadado, mtu wa kuachiwa ngamia wa watu alikuwa yeye.

Maji alifungua, hilo tusimnyime. Lakini mbuzi wake alikuwa amezaa, majani yamekauka kila mahali na maziwa yanakatika. Ndipo mahindi yakatoa mbelewele, yale maua ya kileleni. Sugow aliyatazama kwa jicho la mfugaji, akaona malisho mabichi, laini, yamekaa juu bure kama kilemba. Hindi lenyewe si hutoka ubavuni? Basi ya kileleni yana kazi gani? Akachukua kisu. Kila asubuhi alikata mzigo, mbuzi akala, maziwa yakarudi. Alikata kwa Hinda mpaka akamaliza. Kwake hakugusa hata moja.

Hinda alirudi mahindi yakiwa yamekauka, akamwita Sugow waonje baraka pamoja. Akamenya hindi la kwanza. Ndani mlikuwa na gunzi, na punje zilizotawanyika mojamoja kama meno ya mzee. Akamenya la pili, akamenya la tatu, kisha akawa anamenya bila hata kutazama.

"Mbegu mbaya," alisema mwishowe, sauti imemshuka. "Nilijisifu mno mbele za watu, Mungu amenionyesha. Wakwe nitawatazama kwa uso gani? Na wewe, walaal, umehangaika na maji bure. Mungu akulipe."

Anamshukuru! Aibu ilimpanda Sugow mpaka masikioni. Afadhali angemzaba kofi. Alikuwa ameshaelewa zamani, tangu mahindi yake yalipoanza kunenepa na ya jirani yakabaki membamba: unga wa mbelewele ndio huangukia ndevu za hindi na kulijaza punje. Alielewa, akanyamaza, akaendelea kufungua maji kama mtu mwema.

"Abaayo, dada yangu, mbegu haina kosa," alisema akitazama vidole vya miguu yake. "Mbelewele nilizikata mimi, nikampa mbuzi. Wallahi, sikujua kwamba ndizo zinazojaza hindi."

Hinda aliketi kwenye tuta.

"Hukujua," alisema polepole. "Ni kweli. Mtu wa ngamia atajulia wapi?"

Sugow akashusha pumzi. Kumbe dunia ina watu! Alikuwa anatafuta maneno ya kumwombea dua alipoona Hinda amegeuza shingo, anatazama ng'ambo ya mfereji. Huko mahindi meupe yalisimama safu kwa safu, yameshiba, na kila bua lina mbelewele yake kileleni, kavu, nzima.

"Na haya yako," Hinda akauliza, bila ukali wowote, "mbona hukuyakata?"

Jibu Sugow alikuwa nalo tangu asubuhi ile aliposhika kisu.

"Niliogopa," alisema, "yasije yakaharibika."