Seli za Kurithishana

Jamani, Chiriku wiki ile alikuwa hakamatiki! Tasnifu imeshapigwa chapa, tarehe ya kuitetea imeshatajwa, na mama yake nyumbani ameshawatangazia mashangazi wote, na majirani wasiohusika, kwamba binti yake amevumbua dawa ya kansa. Si dawa ya kansa hasa, ni maji ya gome la mti yanayoua seli za kansa ya ini ndani ya chupa. Lakini nenda wewe ukamweleze mama.

Akaingia maabara anaimba. Akamkuta Profesa kasimama mbele ya kompyuta, miwani mkononi.

"Mwanangu, kaa kwanza."

Ukiambiwa kaa kwanza, jua kuna jambo. Maabara moja ya nje, waliyoipelekea dawa ileile waijaribu, imejibu. Wamefuata kila hatua. Hakuna seli iliyokufa.

"Wamekosea hao," Chiriku akadakia. "Wamezimua mno. Si unawajua watu!"

"Wamerudia na kurudia. Kwa seli mpya, zimetoka kununuliwa."

Aliposikia "seli mpya", akageuka kuitazama chupa yake. Maana maabara yao ina desturi yake. Seli za mwanzo kabisa ziligandishwa kwenye tangi la naitrojeni, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Hiyo ni akiba ya siku mbaya. Zilizo hai ndizo wanazorithishana. Mwanafunzi akimaliza, anamkabidhi anayeingia chupa yake, na watu wanapiga makofi. Chiriku alikabidhiwa na kaka mmoja wanayemwita Sugu: "Haya dada, shika mwanao. Mlishe, akijaza chupa mgawe, na Jumapili usimlaze na njaa." Sugu naye alipewa na mwenzake, mwenzake na mwenzake, mpaka huko ambako hata Profesa hakumbuki.

Sasa seli kila ikigawanyika inanakili jeni zake, na penye kunakili hapakosi makosa. Kama notisi za darasani: umenakili za rafiki, rafiki kanakili za rafiki, mtihani ukija mna jibu moja nyote, na nyote mmekosa.

"Tufungue akiba," Profesa akasema, kwa sauti ya mtu anayevunja kibubu.

Wakaziyeyusha, wakazilea mpaka zikachangamka. Chiriku akaweka chupa mbili bega kwa bega, ya akiba na ya Sugu, dawa ileile, mkono uleule. Kesho yake akainamia hadubini. Seli za chupa ya Sugu zimekufa zote, zimebanduka, zinaelea hovyo. Za chupa ya akiba zimejishikia chini, zimenona, kama vile hazijaambiwa kitu.

"Kufeni basi," akazinong'oneza. "Hata nusu yenu, jamani."

Wapi! Zimetulia tuli.

Majibu ya kipimo cha jeni yakaja kumalizia. Seli walizorithishana zimepoteza kipande kizima cha kromosomu, na humo ndimo mlimokuwa na jeni ya kuondoa sumu. Dawa ya Chiriku ilikuwa inaua seli zisizo na kinga, basi.

"Nimekosea wapi, Profesa? Niambie nikarekebishe."

"Hujakosea popote. Vipimo vyako vyote ni sahihi."

Afadhali angemtukana! Kosa ukilijua unalisahihisha. Hili utalishikia wapi?

Akampigia Sugu, ambaye siku hizi anafundisha chuo kingine.

"Dada, mimi nimeshahitimu," Sugu akasema. "Sasa nifanyeje, nirudishe joho?" Akacheka peke yake, kicheko kikamwishia njiani. "Hebu rudia tena. Pengine..."

Akarudia. Yaleyale. Akarudia tena, na Profesa kasimama nyuma yake kama mtu aliye msibani. Yaleyale. Ndiyo kwanza maabara yao ikapata jibu ambalo hata wale wa nje wanalipata: dawa haifanyi kazi.

Profesa akaifuta tarehe, hakuandika nyingine. Na makala zake mwenyewe za seli hizohizo akazifungua kwenye kompyuta, akaketi anazitazama tu.

Mama akapiga simu.

"Mama, ile siku imeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Kwani dawa haiui?"

"Inaua. Hizi za kwetu tu."

"Sasa si ndizo hizo! Waite waje wazione kwa macho yao!"

Chiriku, yule wa kuongea mpaka watu wanamkimbia, akashusha simu, akaligeukia kabati la joto wanamolelea seli.

"Haloo? Upo?"

"Nipo, mama."

"Shangazi yako yuko hapa na fundi. Anauliza, gauni la kuhitimu likushonewe rangi gani?"

Kwenye kioo cha kabati la joto chupa zile mbili zilikuwa zimelala pamoja, huwezi kuzitofautisha.

"Yoyote, mama," akasema. "Rangi yoyote."