Jumamosi Isiyo na Sababu
…na watu wa Magharibi ndio wasio na shida, wao husafiri mapema kabla magari hayajajaa, unamsuka mtu leo na wiki ijayo yuko Bungoma anachinjiwa kuku, shida ni hawa wa karibu, hawa wa Murang'a na Nyeri, mtu anaondoka Nairobi asubuhi na kabla jua halijawa kali yuko kwa mamake anakunywa chai, kwa hiyo anakaa, anakaa, hadi siku ya mwisho ndipo akumbuke kwamba ana kichwa… Nasambu aligawa nywele kwa mkia wa kichana, akachukua shungi jingine, vidole vikaanza kusuka, vidole vyake havikuwa vikimhitaji tena siku hizi. "Mama Lorraine, kwani hunisikii?" Mama Munene alisema kutoka pale chini kitini, kidevu kifuani, "nakuambia mapema, ndio kwanza Novemba, usije ukasema nilikushtukiza, wasichana wangu wote wawili, Jumamosi ile ya mwisho kabla ya Krismasi, si utanisukia?" Lo, kati ya Jumamosi zote alizoziumba Mungu! Ile ndiyo aliyoizungushia ua tangu Oktoba, akapanga wanafunzi waanze, kisha wasafiri wa mbali, kisha kina mama wa kwaya, nywele za kuongezea akazinunua mapema zikajaa chini ya kitanda, yote hayo ili siku moja ibaki tupu, na hakumwambia mtu, hata Shiundu hakumwambia, mume wake ni mtu mwema lakini ukimwonyesha siku tupu ataipatia kazi, atasema twende tukamwone mjomba kule Kawangware. Na siku yenyewe ya kufanyia nini? Hakuna. Kukaa mlangoni na kikombe cha chai, chai ipoe, apike nyingine… "Wewe njo…" ulimi ulikuwa umeshaanza, njoo tu, hatuwezi kukosana, hivyo ndivyo asemavyo kila fundi wa huku Eastlands, wa viatu, wa cherehani, wa nywele, kwa sababu mteja ukimkataa leo kesho utamwona akipita mlangoni pako na kichwa kilichosukwa mtaa wa pili, Jericho… Nasambu akajifanya anakohoa, akameza neno. Mwaka jana aliwaambia wote njoo tu, na wote wakaja, haki walikuja, benchi likajaa, akafanya wanavyofanya wasusi wote Desemba, kila anayeingia unamsuka vishungi vitatu vya mbele, unamwambia kaa hapo kidogo mamaa, unamshika mwingine, kwa maana mtu mwenye vitatu mbele na msitu nyuma ataenda wapi, hata dukani kununua maziwa hawezi, benchi zima lilinuna na hakuna aliyeinuka, na hakujua hadi giza lilipoingia mkesha wa Krismasi kwamba na yeye hawezi kuinuka, amewafunga wakamfunga. Kesho yake watu wakala, wakacheka, wakapiga picha, na katika kila picha yuko pale pembeni ya kochi, mdomo wazi, soda mkononi, amelala fofofo, na Lorraine akizipitia kwenye simu akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Mama, wewe Krismasi uliiona kweli?" Iliuma. Hata sasa inauma, ingawa kwa mbali, kama jino lililong'olewa… "Ama utakuwa na safari?" Mama Munene aliuliza. Safari, ndiyo, aseme safari, lakini saluni iko hapa chini na nyumba ni hapo juu, mtaa mzima wa Maringo utamwona akianika nguo. Aseme matanga? Ukisema matanga umekwisha, watauliza ni nani, watapitisha bakuli la mchango, watakuja na maandazi na nyimbo, na itabidi umtafute wa kuzika. Aseme mgonjwa? Wagonjwa ndio hawapumziki kabisa, kina mama wa kanisa wataleta uji, watakaa kitandani pake hadi jioni wakimsimulia magonjwa yao. Na hata wakiamini, Jumamosi yenyewe ataila vipi, pazia limefungwa, anatembea kwa vidole kama mwizi nyumbani kwake, chai anainywa gizani… hapana, uongo wowote atakaousema utaimeza siku ile ile anayoitetea, na ajabu ni kwamba wazo hilo halikumtia hofu, lilikuja tu likakaa, akaliangalia. "Sitasuka siku hiyo, Mama Munene. Walete Jumatano." "Kwani kuna nini Jumamosi?" "Hakuna kitu." "Hakuna kitu, na hutasuka?" "Ndiyo. Nitakuwa nyumbani, nimekaa." Mama Munene alijaribu kugeuka amwone usoni, Nasambu akakishika kichwa pale pale, kwa upole, shungi lisifumuke, nje mtu alikuwa akipita akiuza mayai ya kuchemsha, na yeye akangoja moyo ushtuke, aibu imshike, chochote, miaka yote hii aliogopa neno fupi namna hii. Hakuna kilichokuja. Halafu sauti ikatoka kule chini, imenyong'onyea, sauti ya mtu aliyekosewa, "Si ungesema tu una matanga, Mama Lorraine. Nisingeumia hivi." Nasambu alimhurumia, alimhurumia kwa dhati, na akashangaa kumbe mtu unaweza kumhurumia hivyo na bado usimpe siku yako. "Inamisha kidogo," alisema, akachukua shungi jingine.