Usingizi wa Shemeji

Daktari wa usingizi alikuwa na panya aliyemwita Shemeji, kwa kuwa alikula vizuri, alilala vizuri, na dalili ya kuondoka hakuwa nayo. Asubuhi hiyo riziki ya daktari ilikuwa mikononi mwa panya huyo, na panya mwenyewe alikuwa amelala chali.

Mkuu wa maabara alikuja kutazama dawa ya kumzindua aliyepigwa nusukaputi. Alishasema wazi kwamba ikishindwa leo utafiti unafungwa, chumba kinakuwa stoo. Kipimo kilikuwa rahisi: panya akijigeuza na kusimama, ameamka. Shemeji alidungwa dawa. Mwenzake, aliyepewa nusukaputi ileile, hakudungwa kitu. Wakangoja. Wote wawili kimya, matumbo juu.

Mkuu akaanza kupima ukuta kwa macho, makabati yakae wapi. Daktari aliogopa, tena sana. Kwa mazoea akawa anamkuna Shemeji tumboni juu ya kitambaa chenye joto, kama alivyowafanyia panya wake siku zote kwa huruma. Kila panya aliyejigeuza alirudishwa kwenye kizimba cha baridi. Ungekuwa wewe, ungejigeuza?

Ndipo alipoona kope za Shemeji zimebanwa kupita kiasi. Kope hizo alizijua. Mumewe huzibana vilevile mtoto akilia.

"Huyu yuko macho," alisema. "Anajifanya."

Mkuu alimtazama kwa huruma, akauliza lini alipumzika mara ya mwisho. Daktari aliacha kukuna, akafungua kopo la karanga. Kifuniko hakijatoka sawasawa, Shemeji alishasimama, pua mbele. Mwenzake alipitishiwa karanga puani na hata sharubu hazikutikisika. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, na habari ya stoo ikaishia hapo.

Jioni, nyumbani, mtoto alilia. Mume alikuwa kwenye kochi, anakoroma kwa bidii, kope zimebanwa. Daktari hakumwita. Alikaa kando yake, akafungua mkoba polepole, akazungumza na mtoto.

"Nyamaza, mwanangu. Dawa imefanya kazi, na mama amebaki na sindano moja. Ngoja tumdunge baba pajani."

Mume alikuwa wima kabla mkewe hajamaliza, mtoto begani, anauliza nepi safi ziko wapi.

Daktari akatoa kopo la karanga mkobani, kitu pekee kilichokuwamo, akajinyoosha kwenye kochi lenye joto, akafumba macho.