Jiwe la Mkuu wa Shule

Mkuu wa shule, mtu asiyeamini kitu mpaka kimpendeze, alimwambia mwalimu wa fizikia waziwazi: "Jumatano jioni napanda huko juu ya paa la shule nilione hilo jiwe lako la angani. Nisipoliona, darubini inashuka, matangi ya maji yanapanda mahali pake."

Jiwe lenyewe, asteroidi, lilikuwa hafifu kupita kiasi. Hata kwenye darubini lilikuwa nukta katikati ya nukta. Kulijua kulikuwa na njia moja tu: unachora nyota zote leo, unachora tena kesho, na nukta iliyohama ndiyo yenyewe. Mwalimu alichora Jumatatu, akachora Jumanne, na kweli nukta moja ikawa imesogea. Alifurahi hadi machozi yakamtoka. Mkewe akamuuliza nani kafariki.

Jumatano giza lilipoingia, mkuu alipanda ngazi akihema, kavaa suti na tai. Akainama, akafumba jicho moja, kwa bahati si lile la kwenye darubini.

"Naona vivumbi."

"Kimoja ndicho, mkuu. Cha tatu kutoka kushoto. Ila kesho tukichora tena..."

"Mwalimu, usinifanye mtoto. Ngazi zote hizi nije kuona kivumbi?"

Mwalimu akayakumbuka matangi. Kisha, Mungu amsamehe, akaigeuza darubini kuelekea Mshtarii, sayari inayong'aa hata kwa asiyeitafuta.

"Jaribu sasa, mkuu."

"Eh! Hili sasa ndilo jiwe! Lina hadhi!"

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini paa lilikuwa limepona. Akalala fofofo.

Asubuhi, mbele ya shule nzima, mkuu alitangaza kwamba ameliona jiwe kwa macho yake mawili: kubwa, la mviringo, tena lina mistari. Walimu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia mwalimu wa fizikia kwa uso wa mtu anayegawa zawadi.

"Hongera, mwalimu. Basi, tumeshaliona, limekwisha hilo. Darubini ishuke leo, mafundi wa matangi wako getini."

Mwalimu akapiga hatua moja mbele.

"Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Lakini ili aliseme, ilimbidi ajiite mwenyewe mwongo, kisha amwite mkuu mjinga, mbele ya wanafunzi wote.

"Sina, mkuu," akajibu, akaenda kutafuta bisibisi.