Kibanda Kilichoahidiwa Moto

Joyness alisema "ndiyo" mbele ya umati, na tangu hapo chakula hakikumpita kooni.

Ilikuwa kwenye mkutano wa injili mjini Bariadi, mwaka ule magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kuingia mpaka Sapiwi, kijijini kwake, kugombea pamba. Alipanda jukwaani kushuhudia jinsi binti yake Kabula alivyoshikwa na degedege, akakakamaa mpaka majirani wakaanza kulia, na jinsi walokole walivyomwombea hadi akafumbua macho na kutaka uji. Vigelegele vikapigwa. Ndipo mwinjilisti Sylvester akamsogezea kipaza sauti na kumuuliza kama nyumbani kwao kuna kitu chochote cha mizimu. Joyness akajibu kwamba kipo, kibanda cha mama mkwe.

"Tuje Jumapili tukichome?"

Watu walikuwa wameshaanza kuimba. Akasema ndiyo.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha nyasi, kimo cha mbuzi, nyuma ya zizi. Asiyejua angedhani ni cha kuku. Nyanjige, mama mkwe wake, alikitunza kwa ajili ya masamva, wazee wa ukoo waliokwisha kufa. Aliwamwagia humo unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akawataja kwa majina. Mayige, mume wa Joyness, alikuwa amehama na ng'ombe kwenda Lingeka kutafuta malisho, hivyo wanawake hao wawili walibaki na mtoto tu.

Jumamosi waliketi uani kuchambua pamba. Nyanjige alitenga safi na fifi, ile yenye uchafu, kama zamani, ingawa wanunuzi wapya walizoa zote kwa pamoja.

"Ng'wanone, mwanangu, unachanganya," alisema. "Una nini?"

"Sina kitu, mayu," Joyness akajibu, akimwita mama kama kawaida.

"Tangu urudi mjini unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Joyness akainuka, akaketi, akainuka tena. Mwishowe akalitema neno. "Kesho watu wa kanisa wanakuja kuchoma kibanda chako. Mimi ndiye niliyewaita."

Mikono ya Nyanjige ikasimama. Joyness alijiandaa kwa matusi. Alitamani hata atukanwe, apate na yeye kukasirika. Lakini mama mkwe alichomoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa.

"Unadhani mle ndani mna nini?"

"Tunafundishwa ni mashetani."

"Mafundisho yenu nayajua. Nimekuuliza wewe."

"Sijui, mayu. Naogopa. Kila nikipita pale na mtoto, moyo unanidunda."

"Hapo nimekuelewa. Na mimi kuna kitu chako ninachokiogopa." Nyanjige alisema polepole. "Kuta zetu ni za udongo, nasikia unavyosali alfajiri. Unakemea roho za ukoo, ziteketee. Katika ukoo huu mimi nimo. Nikifa nitakuwa huko huko. Utanikemea na mimi?"

Joyness akaenda mpaka kwenye mtungi, akachota maji, akayarudisha bila kunywa. Miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kuuliza alichouliza sasa: "Ukiinama pale, unasema nini?"

"Namtaja mama yangu, Kabula, huyo tuliyempa mtoto jina lake. Namwambia atufikishie shida zetu kwa Liwelelo, aliyeumba jua na mvua. Yeye yuko karibu naye."

"Mungu hahitaji wa kumfikishia. Yesu anatosha."

"Huyo naye si alikufa?"

"Akafufuka!"

"Basi nyie mna mmoja aliyekufa anayesikia, na mimi ninao wengi."

"Hapana, mayu! Hiyo si sawa hata kidogo!"

Sauti yake ilipanda, akashtuka kuona kwamba haogopi tena, anabishana. Wakabishana mpaka kivuli kikahama uani. Joyness alishikilia kwamba Kabula aliponywa na maombi. Nyanjige alishikilia kwamba ni ushanga mweupe aliomfunga kiunoni. Kila mmoja alivutia kamba kwake, lakini hakuna aliyeondoka kabla mwenzake hajamaliza kusema.

"Na kesho?" Joyness akauliza.

"Wageni ni wako. Mimi sitasimama mlangoni na rungu. Ila ujue, kikiwaka, mimi nitaona mama yangu anachomwa huku natazama."

Jumapili mchana nyimbo zikasikika njiani. Mbele alikuja Sylvester na dumu la mafuta ya taa, nyuma yake Elizabeth wa kwaya akipiga tari. Joyness akatoka akawakuta kwenye ua wa minyaa.

"Bwana asifiwe. Hakichomwi," akasema.

Nyimbo zikakatika. "Umesemaje?" Sylvester akauliza.

"Niliahidi kitu kisicho changu. Mwenyewe yupo, na hajakubali."

"Ameshalogwa huyu," Elizabeth akasema.

"Sijalogwa, dada. Wokovu sijauacha. Anayetaka kumwambia neno la Mungu aingie aketi amwambie. Mafuta ya taa yabaki nje."

Kutoka ndani Nyanjige akapaza sauti kuwasalimu: "Mwadila! Mbona mnazungumzia njiani kama watu wasio na kwao? Karibuni!"

Elizabeth na wengine wengi wakageuza. Sylvester aliliacha dumu chini ya minyaa, akaingia. Akapewa kigoda na togwa. Akafungua Biblia, akasoma, akaeleza bila kufoka. Nyanjige alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba yako alibatizwa?"

"Alikufa kabla injili haijafika kwetu Shishiyu."

"Ukimkumbuka, unafanya nini?"

Mwinjilisti akazungusha kata ya togwa mikononi. "Nanyamaza," akasema. Kisha, kana kwamba amejikwaa, akaongeza haraka kwamba hukumu ni ya Mungu. Aliomba ruhusa ya kuiombea nyumba. Nyanjige akampa, ila hakufumba macho.

Jumapili iliyofuata Sylvester ndiye aliyemwambia Joyness, akitazama chini, kwamba wazee wa kanisa wameamua asiimbe tena kwaya mpaka kibanda kiondoke. Joyness akaketi benchi la nyuma. Wimbo ulipoanza, sauti yake ilitaka kutoka, akaimeza. Hakujua kama anaadhibiwa kwa kukosa au kwa kutenda haki, na hilo lilimnyima raha zaidi ya adhabu yenyewe. Hata hivyo aliendelea kwenda.

Maneno nayo yana miguu. Yalifika Lingeka yakiwa yamenenepa njiani: mkeo amemchomea mama kibanda, mama amelaani nyumba. Mayige aliwaacha ng'ombe kwa binamu yake Nyanda, akaja mbio, akaingia uani na fimbo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope.

Aliwakuta wanapukuchua mahindi kwenye ungo mmoja.

"Nani amelaaniwa hapa?" akafoka.

"Hakuna," mama yake akajibu. "Mkeo anasema wafu hawasikii. Namuuliza, kama hawasikii, mbona siku ya kiyama wataitwa kwa tarumbeta?"

"Wataamshwa, mayu! Kuamshwa si kusikia!" Joyness akapiga gunzi kwenye ungo, kisha akamgeukia mumewe. "Keti, baba Kabula. Ugali upo. Bado hatujamaliza."

Mayige akamtazama huyu, akamtazama yule, asijue fimbo aiweke wapi.